Maganda Niliyoyapima Moja Moja

Leo nimeaibika. Sitaki pole zenu, na nyie mnaopenda kutuma vile vikatuni vya kulia kwa kicheko, subirini nimalize kwanza. Ndiyo nimeingia nyumbani sasa hivi, viatu nimevua, hasira bado.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Mama Zuhura wa Chilangala. Miaka sita nilikuwa mchambuzi kwenye kiwanda cha kubangua korosho. Kazi yangu ilikuwa kukaa mezani na kutenga: nzima huku, vipande kule, iliyoungua kidogo pembeni, ndogo na ndogo wenzake. Kiwanda kilifungwa, macho yakabaki. Mpaka leo nikiletewa sahani ya kunde najikuta nazipanga kwa ukubwa kabla sijala. (Baba Zuhura anasema ni ugonjwa. Tutafika kwake.)

Sasa, Masasi kuna Mzee Chilumba. Ni fundi bunduki, kibali chake kiko ukutani kimewekewa kioo. Pamoja na kutengeneza silaha, anawaandalia risasi watu wanaolenga shabaha kwa bunduki za zamani, zile ambazo risasi zake huzikuti dukani. Risasi ikishapigwa linabaki ganda la shaba, na Mzee halitupi ganda. Linasafishwa, linapimwa, likiwa limerefuka linapunguzwa, halafu linajazwa upya. Kujaza anajaza mwenyewe, kwenye chumba chenye kufuli mbili ambacho hata mkewe haingii. Lakini kuliandaa ganda lenyewe, tupu, ni kazi ya mikono na macho. Na macho ya Mzee siku hizi yanaona ukutani kuliko mkononi.

Ndipo nikapata riziki. Mtu alimwambia kuna mama Chilangala anaona tofauti ya korosho mbili ambazo hata mama yao asingeziona. Mzee akaniita, akanimwagia maganda kumi mezani, akasema, "Toa lisilofanana." Nikatoa mawili. Akayapima, akayapima tena. "Umeanza lini kazi hii?" "Leo, Mzee."

Akanipa maganda themanini nikayaandae nyumbani. Hayo hayakuwa maganda ya hivi hivi. Yalikuwa ya Mwalimu Hamisi wa Mtwara, ambaye amerithi bunduki ya marehemu baba yake pamoja na maganda yake, na maganda ya aina hiyo hayatengenezwi tena. Jumamosi hii Mwalimu ana mashindano ya kulenga shabaha. Mzee akaniambia hivi, na naandika kama alivyosema: "Mama Zuhura, mimi sitaki maganda mazuri. Nataka maganda yanayofanana. Moja likiwa refu kuliko wenzake, risasi yake inakwenda kwa jirani. Ukiniletea themanini yanayofanana, kazi ni yako msimu mzima. Usiponiletea, tutasalimiana tu njiani."

Wiki mbili nimeishi na yale maganda. Nimeyaloweka kwenye maji ya ukwaju yakang'aa mpaka nikawa najiona. Nimeyasuuza, nimeyaanika kwenye ungo nikikaa pembeni kufukuza kuku. Nimeyapima urefu kwa kile kipimo cha chuma cha Mzee, anakiita kalipa, moja baada ya jingine. Yaliyozidi nimeyapunguza. Midomo nimeilainisha ndani na nje isiwe na makali. Kisha mzani mdogo, zito na zito wenzake. Ganda la hamsini na tatu lilinitesa siku mbili nzima. Kila nikilipunguza nalipima, kila nikilipima naona kama linanicheka. Siku lilipokubali nilimwita Baba Zuhura aje alione. Akaja, akaliangalia, akasema, "Sawa." Sawa! Wiki mbili, halafu sawa.

Hapa lazima niwaambie habari ya ndoo. Mimi nyumbani kwangu kila chombo kina jina. Nilinunua ndoo nyeupe za rangi, saizi moja zote kwa sababu siwezi kuvumilia ndoo za saizi tofauti kwenye mstari mmoja, na nikaziandika kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa. Jikoni ziko UNGA, MCHELE, KUNDE, CHUMVI. Uani, kwa Baba Zuhura, ambaye anabangua korosho za kuuza kwa mashine ya mkono, ziko NZIMA, VIPANDE na MAGANDA. Hayo maganda ya korosho tunawashia moto. Yana mafuta, yanawaka kuliko kuni.

Nilipomaliza kazi ya Mzee nikachukua ndoo mpya, nyeupe, saizi ileile. Nikatandika kitambaa ndani ili maganda yasigongane midomo, nikayapanga, nikafunika. Nikachukua kalamu. Nikaandika MAGANDA.

(Nyie mlioanza kucheka hapa, nawaona. Tulieni.)

Leo alfajiri nikaamka mtu mwenye furaha. Nikaoga, nikavaa lile gauni la harusi ya shemeji. Bodaboda amefika anapiga honi, mimi nahangaika na zipu. Baba Zuhura akachungulia mlangoni.

"Mama Zuhura, ndoo yako ni ipi?"

"Iliyoandikwa maganda."

"Ya uani?"

"Baba Zuhura, iko ukumbini nimeiweka jana! Iliyoandikwa maganda!"

"Ukumbini hakuna, niliitoa nifagie. Zote ziko uani."

"Basi soma. Kwani hujui kusoma?"

Hayo maneno niliyasema mimi. Kwa mdomo wangu. Akaenda, akasoma, akaleta ndoo, akaifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, akaivuta mara mbili kuona kama imekaa. Akanitakia safari njema kama mume mwema. Mimi sikuigusa.

Newala mjini nikapanda Noah ya Masasi. Dereva mwenyewe akaiweka ndoo nyuma kwenye mizigo. Nikamwambia, "Taratibu baba, hiyo ni kazi ya kupimwa." Akauliza ni mayai? Nikamwambia zaidi ya mayai. Njia nzima, kuteremka mlima mpaka kupita Lulindi, nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno nitakayomwambia Mzee. Nilipanga kutokuwa na majivuno. Nilipanga kusema tu, "Nimejaribu, Mzee."

Masasi stendi nikaishika ndoo kwa mara ya kwanza leo. Nikaona nyepesi. Mtu mwenye akili timamu angefunua. Mimi nikajiambia, ni furaha, mtu akiwa na furaha mzigo hauelemei. Nikaitikisa kidogo. Badala ya kulia shaba ikalia kavu, chakacha chakacha. Nikajiambia, kitambaa changu kimefanya kazi. Harufu ya korosho nayo niliisikia, lakini mimi kila siku nanukia korosho, hata kanisani. Kwa hiyo ndoo ilinionya mara tatu na mara tatu nikaijibu.

Kwa Mzee nikawakuta barazani watu watatu. Mzee mwenyewe kwenye kiti chake. Mkewe, Bibi Anjelina, anamimina chai. Na mgeni mmoja amevaa miwani, shati limechomekewa vizuri.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu ndiye Mwalimu Hamisi mwenyewe. Amekuja kuyaona kwa macho yake."

Nikamsalimia Mwalimu. Akawa mpole sana, akanishukuru kabla hata hajaona kitu. Akasema bunduki ile baba yake aliipenda, na tangu afariki haijapigwa kwa sababu alikosa mtu wa kumwandalia maganda. Akasema, "Jumamosi nataka nimpigie mzee wangu moja katikati." Nilijisikia vizuri mpaka nikasahau kabisa yale mazoezi ya kutojivuna.

Mzee akaanza. "Mwalimu, huyu mama ametoka kwenye korosho. Nilimtegea maganda kumi hapa, akayatoa mawili mabaya kwa macho tu. Kalipa ilikuja kumthibitishia."

"Kweli?" akasema Mwalimu.

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema: "Mwalimu, fumba macho. Ingiza mkono humu, toa mawili yoyote. Yapapase. Ukiona tofauti, nirudi Chilangala kwa miguu."

Wote wakafurahi. Mwalimu akavua miwani, akafumba macho, akanyoosha mkono. Nikamsogezea ndoo, nikainua mfuniko upande mmoja tu, upande wake, kama anayefunua pilau mbele ya wageni. Macho yangu mimi yalikuwa kwa Mzee. Nilitaka kuuona uso wake.

Mwalimu akaingiza mkono. Akatoa mawili. Akayapapasa kwa vidole, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Mbona ni mepesi?" akauliza, macho bado kayafumba.

"Ndiyo shaba ikisafishwa, Mwalimu," nikamjibu. "Uchafu ndio ulikuwa unaipa uzito."

"Na yamejikunja kidogo."

"Hiyo ni midomo. Nimeilainisha mwenyewe."

"Kwa kweli," akasema Mwalimu, "yanafanana."

Nikamtazama Mzee nipokee sifa zangu. Mzee hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mkono wa Mwalimu, na uso wake ulikuwa haueleweki. Bibi Anjelina akaweka birika chini. Akasema kwa upole kabisa, kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Mama Zuhura, umetuletea kuni?"

Nikageuka. Mwalimu Hamisi wa Mtwara, amefumba macho, amesimama barazani kwa heshima zote, ameshika maganda mawili ya korosho. Meusi. Yanatoa mafuta.

Nikafunua ndoo yote. Maganda ya korosho mpaka juu. Hakuna kitambaa. Hakuna shaba. Nikafunika. (Sijui kwa nini nilifunika. Labda nilidhani nikifunua tena yatakuwa yamebadilika.) Nikafunua. Ya korosho.

"Naweza kufumbua?" akauliza Mwalimu.

Akafumbua mwenyewe. Akayatazama maganda, akanitazama mimi, akavaa miwani, akayatazama tena. Nikaona anataka kujipangusa jicho kwa ule mkono, nikapiga kelele, "Usijiguse, yanababua!" Bibi Anjelina akakimbilia ndani kuleta majivu na sabuni. Kwa hiyo kumbe aibu yangu ilikuwa bado haijaisha, ilibidi pia nimnawishe mgeni mikono kama mtoto, huku namwomba radhi kila kidole.

Mzee alisubiri tumalize kunawa. Kisha akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nimelikimbia kichwani.

"Kama haya yako hapa, yale yako wapi?"

Nikakumbuka ndoo mbili uani. Nikakumbuka kwamba Baba Zuhura kila asubuhi anawasha moto. Nikatoa simu. Mzee akasema, "Weka sauti tusikie wote." Sikuwa na nguvu ya kukataa.

"Baba Zuhura."

"Umefika salama?"

"Umewasha moto?"

"Nimewasha toka saa mbili. Ila leo hii ndoo ya maganda sijui ililoa. Nimemimina yote na kitambaa chake bila kutazama, kitambaa kikawaka, maganda hayataki. Na huo moshi wa kitambaa, sioni hata mbele."

"Hayataki vipi?"

"Yamekaa tu humo. Yamekuwa mekundu. Mazuri kwa kweli."

"Ukafanyaje?"

"Nikachochea."

"Ukachochea."

"Nikaongeza na kuni za mkorosho. Nikasema mbona ndoo imeandikwa maganda, mke wangu hawezi kuandika uongo."

Kuku mmoja alipita, akatusikiliza, akaondoka.

"Baba Zuhura," nikasema, "hiyo ndiyo ndoo ya Mzee."

Nikamsikia akiweka chini kijiti cha kuchochea moto. Halafu akasema polepole, "Si nilikuuliza ipi? Ukaniambia nisome."

Nikakata simu.

Kwa wasiojua: ganda la shaba likipita kwenye moto namna hiyo linalegea lote, mpaka kitako. Halifai tena kuwekwa ndani ya bunduki. Ni hatari, linaweza kumpasukia mpigaji usoni. Haliokoleki kwa ukwaju wala kwa kalipa. Hilo Mzee alinifundisha siku ya kwanza, na mimi nilitikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri.

"Yote themanini?" akauliza Mzee.

"Yote, Mzee."

Akawaza. "Basi sasa yanafanana."

Bibi Anjelina akageukia ukuta, mabega yakawa yanatikisika. Mimi sikuweza kucheka kwa sababu Mwalimu hakucheka. Alikaa chini, akatazama vidole vyake vilivyoanza kuwa vyekundu. Akasema, "Baba aliyaokota mwenyewe, moja moja, kila akipiga. Alikuwa hataki yapotee." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Kama angenitukana ningepata pa kushika. Nikamwambia, "Mwalimu, nimekosa. Si mume wangu, ni mimi. Ndoo zote mbili niliziandika mimi, neno lilelile, herufi zilezile." Nikalia kidogo. Nakiri.

Mzee Chilumba akainuka, akaenda kwenye kile chumba chake. Tukasikia kufuli ya kwanza, kufuli ya pili. Akarudi na mfuko wa turubai, akauweka mezani mbele yangu. Ukalia shaba. Sauti ile nitaikumbuka.

"Mwalimu aliniletea mia na ishirini," akasema. "Nilikupa themanini. Arobaini haya nikayabakiza."

"Hukuniamini, Mzee?"

"Nilikuamini. Ndiyo maana nikakupa mengi."

Nikamtazama Mwalimu. Akafungua mfuko, akayahesabu kwa macho. "Mashindano ni thelathini," akasema. "Yatatosha kama sitapoteza mazoezini." Akachukua moja, akaligeuza. "Lakini hayajaandaliwa."

"Leo ni Jumatano," Mzee akasema. "Atayaandaa. Hapa hapa barazani. Hakuna ganda linalovuka hilo geti, na Mama Zuhura, hapa hakuna kuandika kitu chochote. Kalamu sitaki kuiona."

Basi nimeshinda pale mpaka saa kumi, na gauni la harusi, naloweka maganda kwenye ukwaju wa Bibi Anjelina. Mwalimu Hamisi alikaa pembeni yangu muda wote, vidole vimepakwa mafuta ya nazi, ananitazama kama mtu anayemtazama kinyozi mgeni. Nilipomaliza kupima kumi ya kwanza nikayapanga mezani. Akachukua mawili. Macho hakufumba, na sikumlaumu. Akayageuza geuza, akayarudisha palepale alipoyatoa, kwenye mstari. "Endelea, Mama," akasema. Kesho alfajiri narudi, Ijumaa Mzee anajaza. Habari ya kazi ya msimu nimemuuliza nikiwa nimeshika geti, akasema tutaongea Jumapili, baada ya kuona risasi za Mwalimu zimekwenda wapi. Kwa hiyo hata Jumamosi mimi silali, nami wala sijui kushika bunduki.

Nimefika nyumbani sasa hivi na hotuba nzima mdomoni kwa ajili ya Baba Zuhura. Nikamkuta ameketi uani. Mbele yake ungo, na juu ya ungo maganda themanini ya shaba, meusi, ameyatoa kwenye majivu moja moja, ameyafuta, na ameyapanga kwa mistari. Hajui kwamba hayafai. Ganda moja amelitenga peke yake pembeni. Akaniambia, "Hili naona kama refu kidogo. Ni lile la hamsini na tatu?"

Hotuba ikaniishia hapo.

Halafu nikaingia jikoni kutafuta unga, nikazikuta ndoo zangu. Baba Zuhura amechukua mkaa, na chini ya kila neno nililoandika mimi ameongeza lake. UNGA, SI RISASI. MCHELE, SI RISASI. KUNDE, SI RISASI. Hata chumvi. Herufi zimepinda, nyingine kubwa, nyingine ndogo, hakuna mbili zinazofanana katika nyumba nzima. Nimesimama nikazitazama sana. Sijafuta hata moja, na nyie msicheke.